Nyumba ya Wasio na Makao Ipo, Fomu Yangu Ndiyo Imeifunga

Admin, jina langu lifiche kabisa, kwa sababu nusu ya watu ninaowasema hapa wanafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita, ni Mkenya, mtoto wangu mmoja analelewa na mama yangu nyumbani. Hapa Doha huu ni mwaka wangu wa saba. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, naishi Al Mansoura chumba kimoja na wanawake wengine watatu, na mimi ndiye katibu wa umoja wetu wa Wakenya. Cheo chenyewe nilikitaka mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Umoja wetu ulianza kwa ajili ya misiba. Mtu akifia huku tunachanga, mwili unarudishwa nyumbani. Hilo tunalijua vizuri mno. Lakini siku hizi wanaotuumiza roho ni walio hai. Walinzi wanatolewa kwenye kambi za wafanyakazi kule Industrial Area siku kazi inapoisha, wasichana wanatoka kwa waajiri na mfuko mmoja wa nguo, hawana pa kulala. Basi Ijumaa moja baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer tukapiga kura. Waliokuwa dyuti wakapiga kwa simu. Karibu wote tukakubali kuongeza mchango wa mwezi, tukodi nyumba ya kuwapokea watu kama hao. Watu walishangilia siku hiyo, na mimi nililia, sitawadanganya.

Mwenyekiti wetu aliwahi kuwa karani wa ofisi ya wadi kule nyumbani, anapenda mambo yaende kama serikalini. Akasema mchango uliopigiwa kura hauguswi mpaka wawakilishi wetu wa kila mtaa wafundishwe, kamati iundwe, na kuwe na katiba mpya na fomu. Kazi ya fomu ikaniangukia mimi. Nilikuwa nimechoka, kliniki ilikuwa imejaa siku nzima. Nikachukua ile fomu yetu ya msiba, nikafuta "marehemu", nikaandika "mhitaji". Dakika kumi, kazi kwisha. Wakaisoma mkutanoni, wakapiga makofi, ikaingizwa kwenye katiba. Jameni, nilijiona mjanja.

Sasa fomu ya msiba inataka kitambulisho cha hapa ambacho hakijaisha muda, barua ya mwajiri, na sahihi za wawakilishi wawili. Marehemu wetu huwa navyo vyote, kwa sababu mtu akifa kampuni inamtafutia makaratasi. Msichana aliyetoroka na nguo alizovaa atatoa wapi barua ya mwajiri? Nilikuja kuliona hilo mtu wa kwanza alipokuja kuomba.

Nyumba tumekodi. Ina vitanda sita, magodoro bado yako kwenye nailoni. Huu ni mwezi wa nne na hajalala mtu hata mmoja. Kubadilisha fomu ni lazima theluthi mbili ya wanachama wakae pamoja, kura ya simu katiba mpya haiitambui, na Ijumaa wengi wetu tuko kazini. Nimeitisha mkutano mara tatu, mara tatu hatukutimia.

Kuna binti nitamwita Mercy, ana miaka ishirini na tatu. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani. Madam wake alimmwagia chai ya moto mkononi, akakimbia bila karatasi yoyote. Nimemlaza sakafuni kwetu wiki tatu. Wenzangu walivumilia, lakini mlinzi wa jengo amemwona, na amesema Jumamosi asimkute. Ofisi tulizoenda, hata ubalozi wetu, zimeandika jina lake na kutuambia tungoje.

Ijumaa iliyopita kamati ilikuja kuikagua nyumba. Kulikuwa na vumbi, nikamwomba Mercy anisaidie. Alifagia, akapiga deki, akawapikia viongozi chai, nao wakaisifu. Nikamvuta mwenyekiti pembeni nikamwambia huyu ni mmoja wa wale tuliopiga kura tuwakodie nyumba.

"Katibu," akasema, "mkataba wa nyumba uko kwa jina langu. Nikimlaza mtu ambaye mwajiri ameripoti kwamba ametoroka, ninakamatwa mimi, na umoja wote unakwisha. Nina watoto wanne. Na fomu uliandika wewe."

Angekuwa mtu mbaya ningemtukana nikalala vizuri, lakini yeye ndiye anayewabebea watu wa kambini maji na mchele kwa gari lake. Tukatoka, akafunga mlango. Njiani Mercy akaniuliza ni nani watakaolala mle. Nikamwambia bado hawajawa tayari.

"Lakini iko tayari, dada," akasema. "Hata maji nimefungua, yanatoka."

Nilijifanya natafuta kitu mkobani ili asinione uso. Aki ya Mungu, sijawahi kuona aibu kama ile.

Leo asubuhi nikijiandaa kwenda kazini akanipa simu yake. Akasema, "Dada, wewe Kiingereza chako ni kizuri. Niandikie madam meseji nimwombe msamaha, anirudishe." Mkono wenyewe bado una bandeji, mimi ndiye ninayeibadilisha. Nikamwambia asubiri nitoke kazini. Nimeshatoka. Ameketi kitandani kwangu, begi ameshalifunga, anadhani hivi ninavyoandika ni hiyo meseji.

Ndugu zangu, ufunguo mwingine wa ile nyumba niko nao. Nikimwingiza kwa siri nimewaweka watu wote hatarini, na mwenyekiti ndiye atakayeumia kwanza. Nisipomwingiza, kwa mkono wangu huu namrudisha kwa yule mwanamke. Naombeni mawazo yenu, na mniambie leo leo, maana ameniuliza sasa hivi kama nimemaliza kuandika.