Pilau Iliyomwagika Uwanjani

Brigita alizoea kuona damu tangu usichana wake. Baba yake, Yohana, aliuawa na tembo katika shamba lao la Endabash, mahindi yakiwa yameshakauka yanangoja kuvunwa, na yeye ndiye aliyetangulia kufika pale aliposagwa. Alivua kitenge alichojitanda akamfunika. Kisha akarudi nyumbani, akamwambia mama yake, Valeria, na kabla watu hawajajaa akambeba mgongoni mdogo wake wa kiume, Xavery, akampeleka mbali na lile shamba ili asije akaona.

Kuanzia hapo Xavery akawa wa kwake. Brigita alihamia Karatu mjini, akaolewa, akamzaa binti yake Janeth, akafiwa na mume, na muda wote huo aliishi kwa kupika kwenye misiba na harusi. Jasho la jikoni ndilo lililomnunulia Xavery sare za shule, na shule ilipomshinda, likamnunulia pikipiki ya bodaboda. Watu walimwambia anamdekeza. Mtoto uliyemficha maiti ya baba yake huwezi kumpimia upendo kwa kibaba.

Ukipika msiba Karatu, swali la kwanza si mchele wala kuni. Ni nani atachinja. Nyumba moja ya kupanga utawakuta Mwiraqw Mkatoliki, Mnyaturu Mwislamu na Mlokole kutoka Dodoma, wote wanachota maji bomba moja, na nyama ya msiba ni ya wote. Kwa hiyo Brigita hakupika pasipo Mzee Selemani Ntandu. Mzee huyu alikuja kutoka Singida akiwa kijana, kibarua wa kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya juu, akaishia kuwa mchinjaji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akimaliza kazi huosha kisu, hukaa kwenye gogo karibu na mafiga, na kumngojea Brigita amwonjeshe mchuzi.

"Mama Janeth, chumvi," husema.

"Imepungua, baba?"

"Imezidi."

Na Brigita hucheka, kwa sababu haijawahi kuzidi.

Mwaka ule maneno yakaingia mjini. Mhubiri mmoja mpita njia alisimama stendi na kipaza sauti, akasema Mkristo anayekula nyama iliyochinjwa kwa dua ya dini nyingine amekula tambiko. Kesho yake vijana wa upande wa pili wakajibu kwa kipaza sauti chao, wakasema na hao wanaojichinjia wanakula nyamafu. Wiki haikuisha bucha moja likachomwa moto. Kisha mwadhini akapigwa jiwe akitoka kuadhini alfajiri, taya likavunjika. Likafuata kanisa dogo la mabati karibu na mnada, likavunjwa madirisha na mlinzi wake akapigwa hadi akapoteza jicho. Watu waliokuwa wakisalimiana wakaanza kuvuka barabara wasikutane.

Ndipo mapadre, wachungaji na masheikhe wakaketi meza moja. Walikutana mara kadhaa, wakagombana, wakasameheana, na mwisho wakakubaliana kwamba watu wote wa mji wale sahani moja, hadharani, katika uwanja wa mpira wa shule. Mzee Selemani atachinja. Brigita atapika. Fahali alinunuliwa kwa Metui, mfugaji wa Kimasai wa Olbalbal, ambaye kwao chini ukame ulikuwa umekausha hata visima vya kuchimba kwa mkono. Metui alimleta mwenyewe, akasimama naye hadi mwisho, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na mnyama wake.

Brigita alifanya jambo moja ambalo aliliona la busara. Aliazima masufuria makubwa ya msikitini, yale ya kupikia Maulidi, ili pasiwe na mtu wa kusema neno. Shoga yake Hyasinta, mpishi mwenzake wa miaka mingi, alimtania kwamba leo pilau itasilimu. Walipika tangu asubuhi. Saa sita uwanja ulikuwa umejaa, kanzu na majoho, mashuka mekundu na vitenge vya kwaya. Sheikhe alizungumza, watu wakapiga makofi. Padre akasimama kuzungumza.

Padre akiwa hajafika mbali, kundi la vijana likasogea jikoni. Aliyekuwa mbele alivaa fulana ya buluu. Alichungulia sufuria la kwanza, akakunja uso.

"Hili limepikiwa kitimoto," alisema kwa sauti ya kusikika mbali. "Harusi ya Jumamosi. Mimi nimeliona."

"Mwanangu," Brigita alisema, "haya ni masufuria ya msikiti wenu. Angalia chini, yameandikwa kwa rangi."

"Mnatulisha nguruwe mbele ya sheikhe wetu."

"Nimekwambia angalia chini."

Hakuangalia. Aliinua mguu akalisukuma sufuria la nyama ya pilau, mafuta na mchuzi vikichemka. Hyasinta alikuwa upande ule amechuchumaa akisogeza kuni. Sufuria lilimwangukia kuanzia kiunoni. Brigita alirusha mikono alidake, chuma kikamchuna ngozi ya mkono wa kushoto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na hakusikia chochote wakati ule, kwa sababu sauti iliyotoka kwa Hyasinta ilifunika kila kitu.

Uwanja ukapasuka. Viti vya plastiki viliruka. Mzee wa kanisa alipigwa kwa mguu wa meza akalala hapo hapo. Mama mmoja wa madrasa alivutwa baibui akaburutwa hadi golini. Mapadre na masheikhe waliokuwa jukwaani walishuka wakajitupa katikati, wakapigwa wote bila kubaguliwa. Brigita na wanawake wengine walimwinua Hyasinta, ngozi ya mapaja ikabaki kwenye nguo, wakampakia kwenye gari la watalii lililokuwa limesimama barabarani, na dereva akaondoka nalo bila kuuliza.

Ndipo Brigita akasikia pikipiki. Zilikuwa nyingi, zinanguruma kwa pamoja, na sauti ikipaza, "Kwa mchinjaji! Twende kwa mchinjaji!"

Aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoifundisha kusema baba na mama.

Machinjio hayakuwa mbali. Brigita alikimbia kwa njia ya mkato nyuma ya magereji, mkono ukining'inia, lakini miguu haishindani na pikipiki. Alipofika alimkuta Mzee Selemani chini, kando ya birika la maji. Alikuwa amerudi kuosha visu na kuanika ngozi ya fahali, hata habari za uwanjani hajazipata. Walikuwa wamempiga kwa mawe na kwa minyororo ya pikipiki. Jicho moja halikuonekana. Mkono wa kulia, ule wa kuchinjia, ulikuwa umekatwa karibu na kifundo, umeshikiliwa na ngozi tu. Mmoja wao alikuwa anakuja na tairi. Na mwenye panga alikuwa Xavery.

Brigita alipita katikati yao akajilaza juu ya mzee.

"Dada, toka," Xavery alisema.

"Sitoki."

"Hyasinta anakufa. Unamkumbatia huyu?"

"Huyu alikuwa hapa. Hakumwaga chochote. Muulize."

"Ni wa kwao."

"Alituchinjia msiba wa mume wangu, Xavery. Ulikula. Uliongeza sahani."

Mtu alimpiga teke la mbavu. Fimbo ikamshukia mgongoni, mara ya pili, mara ya tatu. Chini yake alimsikia mzee akinong'ona shahada, maneno ya kufia. Kisha panga likashuka. Lilimpata Brigita begani, likazama hadi kwenye mfupa. Wakati ule hakujua mdogo wake alimlenga nani. Alichokijua ni kwamba aligeuza shingo akamtazama, na Xavery alikuwa analia, na panga lilikuwa linainuka tena.

Halikushuka. Metui alikuwa amekuja machinjioni kufuata kamba aliyomfungia fahali. Rungu lake lilimpata mwenye tairi kwenye goti, mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili likampata mwingine kwenye meno. Xavery alimgeukia na panga, wakazunguka pale kwenye damu, mpaka Metui akarudi nyuma akamtupia rungu kifuani, panga likadondoka. Wengine walishaanza kukimbia. Xavery aliiacha pikipiki yake ikiunguruma, akatokomea kwenye mahindi.

Metui alivua shuka lake akafunga mkono wa mzee, akachana kipande akakisokomeza kwenye bega la Brigita.

"Yeyo," alimwambia, kama wamwitavyo mama kwao, "usifunge macho. Nitazame mimi."

Hyasinta alikufa hospitali kabla juma halijaisha. Mzee Selemani alipona, lakini mkono ulikatwa. Brigita alishonwa, mbavu zikaachwa zijiunge zenyewe, na alimzika shoga yake akiwa ameegemezwa na wanawake wawili. Pale kaburini vijana walisema kwa sauti kwamba bado hesabu haijalingana. Upande wa pili nao walikuwa wananoa.

Wakubwa wa dini waliitisha mkutano mwingine, safari hii ndani ya ukumbi, na polisi mlangoni. Padre alikuja na mshono kwenye paji la uso. Sheikhe alikuja na mkono kwenye kitambaa cha shingo. Walizungumza vizuri, lakini kila mzee aliyepewa nafasi alisema yale yale: walikuwa vijana wasiojulikana, wapita njia, walevi. Shetani naye alitajwa sana.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mama yake Brigita alikuwa amesafiri kutoka Endabash. Alijua bintiye anafikiria nini. "Baba yako alikuachia mtoto," alimwambia. "Hakukuachia kesi."

"Mama, wataendelea kuuana."

"Wauane. Xavery ni tumbo langu."

Sasa Brigita alisimama ukumbini. Hakuwa mzungumzaji, na mbavu zilimbana pumzi.

"Mmesema hawajulikani," alisema. "Aliyemkata Mzee Selemani mimi namjua. Ni Xavery, mwana wa Yohana wa Endabash. Ni mdogo wangu, nimemlea. Amejificha kwa mjomba wetu. Nimemtaja wa kwangu. Kila mtu na amtaje wa kwake, au tuache kudanganyana hapa."

Ukumbi ukavuma. Dada yake Hyasinta, Angela, alinyanyuka safu ya mbele akamfuata. "Aliyemuua ndugu yangu yuko nje anakula," alisema, "na wewe unampeleka jela aliyetulipizia?" Akampiga kofi lililompasua mdomo. Akampiga la pili. Brigita hakuinua mkono. Sheikhe ndiye aliyeingia kati, kwa ule mkono wake mmoja mzima.

Upande wa pili hakusimama mtu.

Xavery alikamatwa siku ile ile, akapigana na polisi, akavunjwa kidole. Nyumba ya Brigita ilitupiwa mawe mfululizo, mpaka mwenye nyumba akamwomba ahame. Misiba ya Wakristo iliacha kumwita. Janeth alirudi kutoka shuleni akiwa na uvimbe kichwani na hakutaka kusema ni nani. Kulikuwa na asubuhi ambazo Brigita aliamka akijiona mjinga aliyetoa ng'ombe wake peke yake kwenye harambee.

Kilichofuata alikisikia kwa watu. Mzee Selemani, alipoweza kuketi, aliomba polisi waje kitandani kwake. Hakuwepo uwanjani, lakini kijana wa fulana ya buluu alikuwa amekwenda kumtazama hospitali, akalia, akamwambia kila kitu akidhani mzee atamfichia. Kijana huyo alikuwa mjukuu wa mtu aliyempokea Selemani siku aliyofika kutoka Singida, akampa mkeka na chakula hadi alipopata kibarua. Selemani alimtaja. Watu wa mtaa wake nao wakamfanyia kama Brigita alivyofanyiwa, na aliporuhusiwa kutoka, alikwenda moja kwa moja kuishi kwa mwanawe Babati.

Lakini hakuuawa mtu mwingine. Hilo Brigita alilingoja kwa hofu mwezi hadi mwezi, na halikuja. Kesi mbili zilisikilizwa mahakama moja, na ndugu wa pande zote walikaa benchi moja kwa kukosa nafasi. Wote wawili walifungwa.

Valeria hakuongea na binti yake hadi mvua za mwaka wa pili. Siku moja alifika mlangoni na kifurushi cha unga wa shayiri. "Twende tukamwone," alisema.

Mara ya kwanza pale gerezani Xavery alitoka kumwona mama tu. Mara ya pili vilevile, Brigita akabaki kwenye benchi la nje akisikiliza sauti zao. Mara ya tatu mama aliugua, Brigita akaenda peke yake, akiwa na hakika atarudi hivyo hivyo. Xavery alitoka. Alikuwa amekonda, kovu jipya shingoni.

"Ulinitaja," alisema.

"Nilikutaja."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningenyamaza, ungerudi kummalizia. Au wangekuja kukumalizia wewe."

Xavery alilitazama bega la dada yake. Brigita alikuwa amevaa gauni la mikono mifupi, na kovu lilionekana, nene, limejikunja kama kamba.

"Linauma?"

"Kukiwa na baridi. Na Karatu unaijua."

Askari akasema muda unakaribia kwisha. "Nilikuona," Xavery alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuona ni wewe, dada, na bado nikashusha."

Brigita alikuwa amejiuliza swali hilo miaka miwili. Sasa alikuwa amejibiwa, na jibu likampiga mahali ambapo panga halikufika. Alishika ukingo wa meza. Alitaka kuondoka, akanyanyuka.

"Mama ana homa," alisema hatimaye. "Anauliza unakula nini humu."

"Ugali. Maharage."

"Yameiva?"

"Hayaivi."

"Nitamwambia," Brigita akasema, na akaketi tena mpaka askari alipokuja kumchukua mdogo wake.