Shangazi Anatafuta Mume

Nyumbani kwetu Makorora tulikuwa na akaunti moja ya mtandao, kama tulivyokuwa na choo kimoja, na ugomvi wa kupishana ulikuwa uleule. Ilikuwa ya shangazi yangu, kwa jina lake na picha yake ya Idi, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuwa na simu ya kisasa. Sisi wengine tulidandia. Ukitaka kumwandikia mtu, unaanza kwa kujitambulisha: "Si yeye, ni mie, mtoto wa kaka yake." Jamaa zetu wa Pemba walishazoea. Wakipata ujumbe wanatoa shikamoo kwanza, kisha ndiyo wanauliza ni nani.

Baadaye nilinunua simu yangu, nikaingia kwenye akaunti ileile. Kufungua nyingine nilikuona ni kujitenga, na shangazi ndiye aliyenilea.

Basi mumewe akafariki, Mungu amrehemu, na shangazi akakaa eda. Mjane aliye edani hajipambi, hatoki ovyo, wala hatajiwi habari za posa. Nikahamia chumbani kwake kumliwaza, na mchana ukawa mrefu. Nami umri wangu wa kuolewa ulishaanza kujadiliwa na watu wasionilisha, na nilikuwa nimesikia kuna tovuti ya wanaotafuta wenza. Nikaifungua. Ilitaka nijaze mambo chungu nzima hadi nikasonya. Chini kabisa palikuwa na kitufe: ingia kwa akaunti yako ya mtandao wa kijamii. Nikabonyeza. Ikauliza kama naruhusu iandike huko kwa niaba yangu. Nikaruhusu, nani husoma vitu vile? Nikaeleza mume ninayemtaka, nikajilaza kungoja alasiri.

Niliamshwa na sauti ukumbini. Mawifi wawili wa shangazi, dada za marehemu, walikuwa wamefika kutoka Pongwe na mabuibui yao yamejaa vumbi. Niliwaamkia, hawakuitika. Yule mkubwa alimnyooshea shangazi simu.

"Soma mwenyewe."

Nilichungulia begani kwa shangazi. Chini ya picha ya shangazi ya Idi palikuwa na tangazo: "Natafuta mume. Awe mcha Mungu, awe na kazi, asiwe mkoromaji." Ndugu wa Mkwaja walikuwa wameandika innalillahi. Mmoja wa Pemba alikuwa ameandika, "Shikamoo. Nani huyu?"

"Kaburi la kaka yetu halijakauka," akasema wifi mkubwa, "nawe washaanza kuchagua? Tena kwa masharti!"

Shangazi aliushika ukingo wa kanga yake, macho chini. Alishajua ni mimi, nani mwingine angekuwa? Angesema neno moja tu angetoka kwenye aibu ile, lakini neno hilo lingeniingiza mimi, naye alikaa kimya akitukanwa nyumbani kwake, edani mwake. Nilimhurumia.

"Shikamooni tena," nikasema. "Ni mie. Mie ndiye ninayetafuta mume."

Msichana hatamki maneno hayo mbele ya wakubwa zake. Nilitamani sakafu inimeze na jamvi lake. Wifi mdogo ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba kwa buibui. Mkubwa alijaribu kuing'ang'ania hasira yake, ikamponyoka.

"Huna shangazi wa kumwambia, mpaka uiambie simu?" Kisha akanitazama juu mpaka chini, sasa kwa jicho la kazi. "Kwetu Pongwe yuko fundi seremala, kijana wa watu, anaswali. Hilo la kukoroma sina hakika. Nitamuuliza mamaake."

Walimwomba shangazi radhi, wakanywa chai, wakaumaliza mkate wa kumimina niliouficha kwa ajili yangu. Walipoondoka tukarudi chumbani, nikaketi na simu nilifute lile tangazo.

"Hebu ngoja," shangazi akasema. "Kabla huyo fundi hajaulizwa. Hilo la kukoroma liondoe kwenye masharti yako."

"Kwa nini, shangazi?"

Alikuwa akiutazama upande wa kitanda uliokuwa wa mumewe, ambao mimi ndiye niliyekuwa nikiulalia.

"Marehemu akikoroma mpaka jirani agonge ukuta," akasema. "Nikimsukuma kila siku. Sasa kumenyamaza, mwanangu, na usingizi siupati."