Mwenyekiti Kituyi na Marais Wake Wawili

Lawrence Kituyi alikuwa karani wa ghala la mahindi mjini Eldoret kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo hakuna gunia lililowahi kumsikiliza. Labda ndiyo maana, alipochaguliwa mwenyekiti wa Tusaidiane, chama cha mazishi cha watu waliotoka magharibi mwa nchi kutafuta riziki, aliongea kama bomba lililopasuka.

Kazi ya chama ilikuwa moja: mwanachama akifiwa, kipeleke hema, viti na masufuria. Kituyi alikiongezea kazi ya pili, kumsikiliza yeye. Daktari mmoja wa mtaa wa Elgon View alipohama, aliacha kwenye takataka kitabu kinene cha historia ya Marekani. Kituyi akakiokota, na kufikia Pasaka alimjua George Washington kuliko alivyowajua shemeji zake.

"Washington," alisema kila mkutano, "alikuwa mrefu, mtulivu, jenerali! Vipindi viwili, akasema imetosha, akarudi shambani. Sasa muangalie John Adams aliyemfuata. Mfupi, tumbo mbele, hasira puani, anajisifu. Kipindi kimoja, wakamtoa. Ndugu zangu, kiongozi ni yule anayejua wakati wa kwenda nyumbani."

Wanachama walipiga makofi kwa adabu. Kituyi mwenyewe alikuwa na futi tano na inchi mbili, tumbo lilikuwa limemtangulia tangu harusi, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne kitini.

Kisha Jumapili moja baada ya ibada, kwenye mkutano wa uchaguzi, akapata mpinzani. Mama Nabalayo, mjane anayefanya kibarua cha kupalilia mahindi huko Moiben, alisimama akapangusa mikono kwa leso.

"Mwenyekiti, kabla hatujapiga kura, niulize kitu. Huyo Washington akirudi shambani, nani alikuwa anapalilia?"

Kituyi alikohoa. Ukurasa huo alikuwa ameusoma, lakini mbio mbio, kama mtu anayepita kwa jirani mwenye mbwa.

"Alikuwa na... watu wa kazi."

"Wa kulipwa?"

Hata watoto waliacha kucheza.

"Watumwa," alisema Kituyi. "Mamia."

"Na yule mfupi?"

"Adams hakuwahi kumiliki mtumwa."

"Haya. Mbona basi ni yeye tumekuwa tukimcheka?"

Mwenyekiti aliomba kura zipigwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne yeye kufupisha mkutano.

Mikono ikainuliwa. Nabalayo alipata thelathini na mmoja, Kituyi tisa, na mmoja kati ya hiyo tisa ulikuwa wake mwenyewe. Alimtafuta mkewe Mildred kwa macho. Mikono yote miwili ya Mildred ilikuwa kwenye kitambaa alichokuwa anafuma, na haikuonekana kuwa na haraka ya kwenda popote.

Kituyi alitangaza kwamba hesabu hiyo ina mashaka, akatia muhuri wa chama mfukoni mwa koti, akatoka kabla ya sala ya kumbariki mwenyekiti mpya.

"Muacheni," Mabonga, katibu, alisema kwa sauti. "Adams pia aliondoka kabla mwenzake hajaapishwa. Si yeye alitufundisha?"

Kicheko kilimfikia langoni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa wameshika somo.

Nyumbani, Mildred alimwambia, "Baba Linah, rudisha hicho kitu cha watu."

"Bila muhuri watafanya nini? Watakuja hapa kwa magoti."

Alingoja magoti hayo siku mbili. Jumanne Nabalayo alichongesha muhuri mwingine mjini, na huu mpya uliandikwa TUSAIDIANE. Ule wa Kituyi ulikuwa umeandikwa TUSAIDIENE tangu siku alipouagiza, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Miezi miwili baadaye mamake Kituyi alifariki huko kwao Kimilili. Aliketi uani kwa marehemu akitazama barabara. Nani angemletea hema mtu aliyetoroka na muhuri? Lakini kabla ya saa sita lori liliingia. Nabalayo alishuka wa kwanza, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Mzee. Hema tuweke wapi?"

Kituyi aliinuka. Akaonyesha kwa kidole chini ya miti, kisha akajifunika uso kwa kofia akalia kama mtoto.

Baada ya mazishi, wenzake walipoanza kukusanya vitu, alivua koti akashika kiti. Akakilaza kwenye lori, miguu juu. Akaleta kingine, akakisimamisha kando.

"Hapana, Mzee," alisema Mabonga. "Vinaingiliana. Kumi kumi, hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu tuvinunue."

Kituyi akarudi kuchukua vingine.