Nanga Anakabidhi Besi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Kwa wenzake, kwa majirani, hata kwa mkewe siku akiwa amemkasirikia, aliitwa Nanga, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita watu walikuja na kuondoka kwenye bendi na yeye alikuwa palepale, gitaa la besi tumboni, mguu wa kushoto mbele. Mchana alikuwa fundi wa majokofu. Mtu akibeba majokofu asubuhi na spika jioni, mgongo lazima udai haki yake, na wa Nanga ulikuwa umeanza kudai zamani. Alikuwa akikaa kwenye kiti anashuka kidogo kidogo huku ameshika magoti, na akifika chini anashukuru Mungu kwa sauti.

Bendi yenyewe iliitwa Mkwaruzo. Walipiga fanki iliyochanganywa na roki: gitaa la kukoroma, ngoma nzito, na besi inayochapwa kwa kidole gumba mpaka nyuzi zinagonga mbao. Muziki huo haukuwahi kuwa na wapenzi wengi, lakini wale waliokuwapo walikuwa ving'ang'anizi. Ilianzishwa na ndugu wawili, Nanga na kaka yake, katika chumba cha nyuma cha karakana ya samani. Walitundika magodoro machakavu ukutani ili kupunguza kelele. Majirani walisema hawaoni tofauti yoyote.

Kaka ndiye aliyepiga gitaa, na nyimbo nyingi zilikuwa zake. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma noti, kwa hiyo kila kitu kilikaa kichwani. Ndipo wakajiwekea sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyowaweka hai: anayeondoka anamfundisha anayeingia. Hutoki mpaka mtu wako apige kila wimbo kama ulivyokuwa ukiupiga wewe, pamoja na makosa yako yaliyokwisha kuzoeleka. Halafu, baada ya onyesho la kwanza la mgeni, Nanga alikuwa anampigia simu yule aliyeondoka na kumwambia maneno matatu tu: "Hatujasikia pengo kabisa." Au mawili ukipenda, kwa maana mara nyingine "kabisa" aliiacha. Katika Mkwaruzo hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Ilikuwa na maana kwamba umefundisha vizuri, umeondoka kiungwana, na nyumba uliyoijenga imesimama.

Na waliondoka wengi, jamani. Wapiga ngoma watano: wa kwanza akaenda kuendesha malori, wa pili akagombana na kila mtu kuhusu mwendo wa nyimbo, wa tatu akaoa akazimika kama taa, wa nne akaondoka na matoazi ya bendi na mpaka leo hajulikani aliko. Wa tano, fundi nguo waliyemwita Cherehani, ndiye aliyedumu. Mpiga tarumbeta alifariki, na kwa kuwa marehemu hafundishi, nafasi yake ikabaki wazi. Waimbaji walikuwa watatu, na wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye kifua cha radi, jina la utani Kasuku. Kila badiliko lilimchosha Nanga kidogo zaidi kuliko lililotangulia. Kuanza upya kunachosha kuliko kubeba jokofu, maana jokofu lina mahali pa kulitua.

Kaka yake aliondoka mwaka wa saba. Mke wa kaka alikuwa mgonjwa, na kaka mwenyewe alikuwa amepata kazi katika mji mwingine, kazi ya kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba, yenye saa zinazoeleweka. Alimfundisha mrithi wake kwa wiki mbili bila kununa. Onyesho lilipokwisha, Nanga alimpigia simu akiwa bado anatoka jasho.

"Kaka! Hatujasikia pengo. Hata kidogo!"

"Haya," kaka akasema. "Vizuri."

Tangu hapo, miaka kumi na tisa, ndugu hao waliongea misiba ikitokea na harusi zikija. Waliulizana afya ya shemeji, watoto, mvua. Bendi haikutajwa. Kaka hakuonekana kwenye onyesho lao hata moja, na Nanga aliamini kwamba amesusa. Jambo hilo lilimkera sana. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba kaka yake ana moyo mdogo, na mkewe, mwalimu wa darasa la pili ambaye husikia mashitaka ya namna hiyo kutwa nzima, alikuwa akimjibu, "Si umuulize?" Hakumuuliza.

Basi, sikio likaanza. Kwanza lilikuwa linavuma kama jokofu bovu, na Nanga, fundi mzima, akalifanyia alichowakataza wateja wake: akalipuuza. Kisha jioni moja mkewe akamsimamia mbele mikono kiunoni.

"Baba watoto, nimekuita mara tatu."

"Nimesikia."

"Nimesemaje?"

Nanga akatazama sakafu.

"Kesho daktari," mkewe akasema. "Na hili si ombi."

Daktari wa masikio alikuwa binti mdogo mwenye uso usiocheka. Alimpima, akamuuliza anasimama upande gani wa ngoma, na kwa miaka mingapi. Halafu akaweka kalamu chini. "Mzee, sikio la kulia limeshakwenda. La kushoto linafunga mizigo. Ukiendelea na bendi, baada ya miaka miwili hutamsikia mtu akikusalimia."

"Inategemea ni mtu gani," Nanga akasema. Daktari hakucheka, na mkewe naye hakucheka.

Akawaambia wenzake siku ya mazoezi, akiwa amekaa juu ya spika. Alikuwa ameandaa majibu kwa ajili ya watakaomsihi. Kasuku aliinamisha kichwa. Cherehani alizungusha kijiti cha ngoma kwenye vidole, akavuta pumzi, akauliza, "Sasa nani anachukua?"

Hilo tu. Hakuna aliyesema usiende. Nanga mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba hilo halisemwi, kwamba mtu akisema anaondoka amekwisha kupigana vya kutosha na moyo wake na haifai kumrudisha nyuma. Alilijua hilo vizuri, na bado lilimuuma, akarudi nyumbani kwa miguu ili uchungu umtoke njiani. Haukumtoka.

Mrithi alipatikana haraka kuliko alivyotaka. Alikuwa mfamasia, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na koti jeupe limekunjwa ndani ya mkoba. Siku ya kwanza alichapa nyuzi mpaka kidole gumba kikatoka malengelenge. Siku ya pili alikuja amejifunga plasta mwenyewe, akakaa, akasema, "Tuendelee, mwalimu."

Tatizo lake ni kwamba alikuwa anasikia kila kitu.

"Wimbo wa nne," akasema siku ya tano, "kabla ya kiitikio unachelewa kidogo. Ni makusudi?"

"Hapana. Siku tunarekodi mgongo ulinibana."

"Kwa hiyo mimi nisichelewe?"

"Uchelewe."

"Nijifunze maumivu ya mgongo wako?"

"Tena uyapige vizuri," Nanga akasema, na wote wawili wakacheka mpaka fundi samani akachungulia mlangoni.

Lakini kufikia siku ya kumi Nanga hakuwa anacheka tena. Alianza visa. Mara kamba ya gitaa haikukaa sawa begani, mara wimbo wa pili urudiwe, mara mguu wake uko upande usiofaa. Mfamasia alirudia bila kulalamika, na kila alipomaliza ilikuwa sawa. Siku ya kumi na mbili Cherehani alimvuta Nanga nje, karibu na rundo la mbao.

"Huyu ameiva. Unamcheleweshea nini?"

Aibu ilimpanda Nanga mpaka masikioni, hata lile lililokufa. Alijua anachosubiri: alikuwa anasubiri mfamasia ashindwe. Si kwa nyimbo zote, hapana, hakuwa mtu mbaya kiasi hicho. Mahali pamoja tu. Kijisehemu kimoja katika miaka ishirini na sita ambacho mtu mwingine asingekiweza, ili watu wakikifikia wageuze vichwa na kuuliza, leo Nanga yuko wapi? Alirudi ndani, akamwambia mfamasia kwamba amehitimu, akamkabidhi besi. Mfamasia aliipokea kwa mikono miwili.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Mkewe alimshauri wabaki nyumbani. Nanga akasema ni kuwachungulia tu. Wakasimama nyuma kabisa, yeye amegeuka kiupandeupande ili sikio la kushoto lielekee jukwaani, pamba imejaa ndani yake kama alivyoagizwa na daktari.

Walianza. Besi iliingia mahali pake, nzito, imetulia, na kifua cha Nanga kikaitikia chenyewe. Aliwatazama watu. Palikuwa na shabiki mmoja wa siku nyingi, fundi wa miwani, ambaye hakukosa onyesho tangu mwaka wa tatu na daima alisimama mbele upande wa besi. Alikuwa anacheza amefumba macho. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Hakuyafumbua. Wimbo wa nne, kabla ya kiitikio, besi ikachelewa kidogo tu, na bendi nzima ikaisubiri kama walivyokuwa wakimsubiri yeye. Nanga alitaka kupiga kelele kwamba huo ni mgongo wake. Alikaza meno. Mkewe akamshika mkono na hakumwambia neno, na kwa mwalimu wa darasa la pili kunyamaza hivyo ni kazi.

Walipomaliza, Kasuku alitoka mbio kwa mlango wa pembeni, jasho linamtiririka, akamkumbatia Nanga nusura amwangushe.

"Nanga! Hatujasikia pengo! Nakuapia, hata kidogo!"

Uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa anampa kitu kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo, na alikuwa amekimbia ili awe wa kwanza kumpa. Nanga akasema asante, akasema mmepiga vizuri sana, na yote mawili yalikuwa kweli. Akamwomba mkewe amngoje kidogo, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, kidogo kidogo, ameshika magoti. Alipofika chini hakukumbuka kushukuru. Akatoa pamba sikioni, akachukua simu.

"Mdogo wangu!" kaka akapokea kwa hofu. "Nani amefariki?"

"Hakuna, kaka. Nimeacha bendi. Leo wamepiga bila mimi."

Kwa mbali ilisikika sauti ya shemeji ikiuliza ni nani.

"Usiniambie umekwenda kuwasikiliza," kaka akasema.

"Nimekwenda."

"Hukupaswa kwenda. Mimi nilikwenda."

Nanga akaikandamiza simu sikioni. "Ulikwenda lini?"

"Siku ile ile ya kwanza. Nilisimama nyuma, nimeshusha kofia usije ukaniona. Yule bwana niliyemfundisha alipiga kama mimi, akanimaliza. Wimbo wa tatu nikatoka. Uliponipigia nilikuwa nimekaa stendi nangoja basi."

"Na hukusema kitu, kaka. Miaka yote hii."

"Ningesema nini? Ulikuwa na furaha mpaka sauti inakukatika."

Nanga aliangalia viatu vyake. Ndani ya ukumbi walikuwa wanaburuta spika, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na aliyemwita akashike upande mmoja.

"Nisamehe," akasema.

"Na wewe wamekuambia?"

"Wameniambia. Kasuku amenikumbatia kabisa."

"Alikuwa na furaha?"

"Mno, kaka."

"Basi usimchukie," kaka akasema. "Mimi nilikuchukia mwaka mzima, na haikunisaidia kitu."