Kadi za Mwalimu, Mbele na Nyuma

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la kuchapa kwa kompyuta, Chang'ombe. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja aliyenifundisha sekondari. Nikamwamkia, akaitika, kisha akarudi kwenye maboksi yake ya viatu. Yalijaa kadi za vitabu vyote alivyotumia kuandika historia ya pwani.

Dada mchapaji alikuwa akizihamishia kwenye programu mpya ya kupanga marejeo. "Mwandishi, mwaka, mchapishaji," alisema. "Ukibonyeza hapa, orodha inajipanga yenyewe."

Mwalimu aligeuza kadi, akaigonga nyuma kwa ukucha. "Na hii?"

Palikuwa na maneno ya penseli: Kiko kwa wifi, Tabata. Nimkumbushe baada ya Idi.

"Hiyo programu haiulizi, mwalimu."

"Basi aliyeitengeneza ana maktaba. Sie vitabu vyetu viko majumbani mwa watu." Akaanza kufunika maboksi. "Tafuta nafasi, mwanangu, la sivyo narudi nazo nyumbani."

Dada akahangaika mpaka akapata sehemu ya maelezo. Mwalimu akasogeza kiti. "Haya. Moja moja, mbele na nyuma."

Nikanuna kimoyomoyo, zamu yangu ilishaota mbawa. Kadi ya nne aliisoma kwa sauti: "Kiko kwa mwanafunzi wangu, yule anayeandika gazetini. Anasema bado anakisoma."

Akanigeukia. "Aandike hivyo hivyo?"

Nilikuwa nimekaa nacho miaka sita. Kesho yake asubuhi nilikirudisha. Msiniulize kinahusu nini.