Blada ya Dada

Siku mbili nimekalia magunia ndani ya lori kutoka Lodwar, nikashuka Industrial Area mbele ya fundi anayekata tyubu kuukuu. Harufu ya mpira ikanipandisha hasira.

Tukiwa watoto, dada yangu aliunga vipande vya tyubu kama hizo akapata blada, kamba ya kuruka. Mtaa wetu mzima wa Umoja hakuna aliyemshinda. Nikaikata nitengeneze manati.

"Wewe si ndugu yangu tena," akaniambia.

"Ni mpira tu, wacha maringo."

Wiki hiyo malaria ikamuua kabla sijamwomba msamaha.

Sasa nilikuwa nimerudi kuhama Umoja kabisa. Siku ya kuondoka, wasichana walikuwa wakiruka blada mlangoni petu. Niliwapa ule mpira wa manati, niliokuwa bado nimeutunza.

"Ni kafupi," mmoja akacheka.

"Uunge na yenu," nikamfokea. "Na mtu akikata blada yenu, uniambie."

Begi langu lilikuwa tayari begani.