Ndui ya Mzee wa Krismasi

Jamani, nicheke au nilie? Nilikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja hapa Arusha. Krismasi ilipofika, akaniamuru niwe yule mzee wao wa ndevu nyeupe anayegawia watoto zawadi. Ndevu zenyewe zilikuwa za sufu ya kondoo, na kila nikiinama zinadondoka. Nikazigandisha kwa utomvu wa mnyaa nilioukata kwenye ua wa nyumbani. Zikashika barabara, nikajiona fundi.

Kesho yake niliamka mashavu na kidevu malengelenge tupu. Nikapiga yowe: ndui! Mke wangu akatoka mbio na watoto, akasimama nyuma ya ua. Askari wakaja na vijinga vya moto, maana enzi hizo za Wajerumani nyumba ya ndui ilikuwa inachomwa. Nikawaaga ng'ombe wangu kwa majina, mmoja mmoja.

Daktari wa Kijerumani aliyekuja na askari akanivua shati. Kifua safi, mgongo safi, paji safi.

“Ndui gani hii,” akauliza, “inayoota pale pa ndevu tu?”

Kabla sijajibu, mke wangu akavunja tawi la mnyaa pale uani, kando ya lile nililokata, likachuruzika maziwa.

“Baba Anaeli! Umechunga mbuzi tangu utotoni, ukajipaka usoni maziwa haya yanayobabua ngozi?”